Mrejesho: ukuta unaobanduka rangi na sweta la mama

Habari zenu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu rangi ya sebuleni inayobanduka kama magamba, na sweta la mama lililotoka kubwa kama gunia. Niliahidi mrejesho, ndio huu.

Ukuta kwanza. Mlioniambia nisipake rangi juu ya rangi, mlisema kweli. Nilikwangua, nikapiga msasa, nikakuta unyevu: maji yalikuwa yakipenya pembeni mwa dirisha. Nikaziba ufa, nikauacha ukuta ukauke wiki 3 (hapo uvumilivu nusura unishinde), ndipo nikapaka praima (rangi ya msingi ya kushikisha), kisha rangi mara 2. Mpaka leo umetulia.

Sweta ndilo lililonitia adabu. Mmoja wenu aliuliza kama nilifuma kipande cha majaribio, kile kidogo cha kupimia vishono kabla ya kuanza sweta lenyewe. Sikufuma! Safari hii nikafuma, nikakifua, nikakilaza kikauke, nikapima: vishono 18 kwa sentimita 10, wakati maelekezo yanataka 22. Yaani vile vishono 110 vya mbele, badala ya sentimita 50, vilikuwa vinanipa 61. Kumbe mkono wangu unalegeza uzi. Nikashuka kutoka sindano za milimita 5 hadi 4, hesabu ikakaa sawa. Kufumua lile la kwanza kuliniuma, sifichi.

Mama alilivaa jana, akalivua wakati wa kulala tu. Sasa baba naye anauliza lake liko wapi, na uzi uliobaki hautoshi hata mkono mmoja.

Asanteni sana.