LM2596 mpya zinatoa volti 1.23 badala ya 5, nimeuziwa mbovu?

Fundi wa Sahare
Wakuu, habari za usiku. Nipo Tanga, natengeneza taa na chaja za vyombo vya wavuvi wa dagaa. Nina chaja ya nahodha mmoja, inashusha volti 12 za betri ziwe 5 za simu. Maji ya chumvi yameila aisii, kile kidude cheusi kinachoshusha volti: juu inasomeka LM2596S, mbele yake pamefutika. Nikaagiza Dar "LM2596S" tano, zimefika na basi jana. Miguu mitano ile ile, bati la mgongoni lile lile. Nimelehemu ya kwanza, mita inasoma 1.23. Ya pili, 1.23. Nimebadilisha koili na dayodi, bado. Kesho magharibi anaingia baharini. Zote mbovu kweli?

Mzee wa Chumbageni
Mwanangu, aisii mbovu hazikubaliani mpaka desimali ya pili. Imulike tochi kwa ubavu, usome chini ya LM2596S. Nadhani utaona ADJ.

Fundi wa Sahare
Shikamoo mzee. Ni ADJ, zote tano.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Basi ni nzima. LM2596 ni jina la familia tu, ampea 3. S ni ya kulala juu ya bodi. T miguu yake hupita kwenye matundu. Volti iko mkiani: 3.3, 5.0, 12, au ADJ, ya kujipangia. Ya 5.0 ina resista za kupimia ndani, ndiyo maana bodi yako imeunga mguu wa 4 moja kwa moja na volti inayotoka. ADJ haina hizo. Kazi yake ni kuuweka mguu wa 4 kwenye 1.23, nawe umeuunga na tokeo, ikashusha tokeo lote.

Usizitupe. Kata njia ya mguu wa 4. Resista ya kilo-omu 1 kutoka mguu huo hadi hasi, na tatu kama hiyo kwa mfululizo hadi chanya ya tokeo. Utapata kama 4.92.

binti_makorora
Kaka, siku nyingine ukiletewa LM2596SX-5.0/NOPB usiikatae. X ni kufungwa kwenye mkanda wa roli, NOPB haina madini ya risasi. Hiyo 5.0 ndiyo usiiachie. Mimi muuzaji asiponiandikia nambari nzima, simtumii hela.

Fundi wa Sahare
4.90! Simu inachaji. Napaka vanishi sasa hivi, alfajiri nampelekea.