Plagi ya ekstensheni ya taa za sikukuu inapata joto, breka haijaruka. Niendelee kupamba?

Mama_Mapacha

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijamaliza kupamba nyumba.

Sebuleni nina mti wa plastiki, na upande ule kuna soketi moja tu ya ukutani. Nimechomeka ekstensheni ya matundu manne, ikawa haifiki kwenye mti, nikaunga nyingine mbele yake. Hiyo ya pili imebeba seti tatu za taa: mbili za LED na moja ya zamani, ile ya balbu ndogo ndogo za kioo ambayo watoto wanaipenda kuliko zote. Ile ya kwanza imebeba televisheni, spika na birika la umeme, kwa sababu wageni wakija nachemsha maji pale pale.

Jana jioni nimegusa plagi iliyoko ukutani nikakuta ina joto. Siyo la kuunguza, ila si la kawaida. Kuichomoa nikaona pini moja ina weusi, na tundu lake kwenye soketi limeanza kugeuka rangi ya kahawia. Breka haijaruka hata mara moja. Mume wangu anasema kungekuwa na hatari ingesharuka. Mimi roho haijatulia, maana mapacha wana miaka miwili na hakuna wasichoshika.

Bado nataka kuweka taa za barazani na getini. Niendelee au nisimame? Na kama ni kurekebisha, nianzie wapi?

Nawasilisha.

Kibwana_Kibwana

Dada, LED hazili umeme wa kukutisha. Ondoa ile seti ya zamani tu, joto litaisha.

Fundi_Waya

Mama Mapacha, kwanza kabisa: usichomeke tena chochote kwenye soketi hiyo mpaka ibadilishwe. Hata chaja ya simu. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Kibwana yuko sahihi kuhusu LED, lakini kuondoa seti ya zamani hakutakusaidia. Seti ya balbu 100 za zamani inakula kama wati 40. Ya LED yenye balbu idadi hiyo hiyo mara nyingi haifiki wati 10. Ukijumlisha seti zako zote tatu hazifiki hata nusu ampea. Mzigo wa kweli hapo ni birika. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9, na zote zinapita kwenye ile plagi moja yenye pini nyeusi.

Sasa kwa nini joto liko kwenye plagi na si kwenye waya? Kwa sababu soketi imelegea. Ndani yake kuna vibati vinavyobana pini. Vikichoka, pini inagusa sehemu ndogo tu, na hapo umeme unapita kwa shida. Joto la mahali kama hapo linapanda kwa kipeo cha pili cha ampea: ukiongeza umeme mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Chukua mshiko mbovu wenye ukinzani wa omu 0.2. Taa peke yake zikiwaka, joto lake hulihisi kabisa. Washa birika, mahali pale pale panatoa wati 15. Kuna pasi ndogo za kuchomea risasi zenye wati hizo hizo, na kazi yake ni kuyeyusha risasi. Yako imefungiwa ndani ya plastiki, nyuma ya mti.

Na hapa ndipo naomba shemeji anisikie vizuri. Breka iliwekwa ili waya uliomo ukutani usipitishe umeme kuliko uwezo wake. Ampea 9 ni halali kabisa kwake, haina sababu ya kuruka. Haiwezi kujua kwamba mahali fulani njiani kuna mshiko unaoungua. Ule weusi ulioona kwa macho yako ni ushahidi mkubwa kuliko kimya cha breka.

La kufanya: zima swichi kuu, fundi abadilishe soketi, na akiwa pale akague mwisho wa nyaya nyuma yake. Zikiwa zimekauka na kuwa ngumu, azikate mpaka afike palipo pazima. Plagi yenye pini iliyoungua nayo ikatwe itupwe. Birika lirudi jikoni kwenye soketi yake ya ukutani. Na ekstensheni mbili kuungana, hapana: kila muungano ni mshiko mwingine unaoweza kulegea. Tafuta moja ndefu inayofika yenyewe.

Binti_Sauti

Nimesoma hapo juu nikainuka kwenda kushika plagi zote za nyumbani kwangu. Fundi, ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu je? Ndiyo ninayotumia kwa taa za nje.

Fundi_Waya

Inafaa, ila ivute yote itoke kwenye gurudumu hata kama unahitaji mita tatu tu. Waya uliojiviringa unatunza joto lake wenyewe kwa sababu hewa haiupiti. Soma ubavuni mwa gurudumu: nyingi zimeandikwa viwango viwili vya wati, cha ikiwa imeviringwa na cha ikiwa imekunjuliwa, na tofauti yake ni kubwa.

Mzee_wa_Karakana

Niongeze kuhusu ile seti ya zamani, maana Fundi ameipita haraka na mimi nimezitengeneza sana.

Seti nyingi za namna hiyo balbu zake zimefuatana kwenye mstari mmoja na kugawana umeme. Tuseme mstari una balbu 20 kwenye volti 230. Kila moja inapata volti 11.5. Nyingi zina kiwaya kidogo ndani kinachounganisha njia balbu ikiungua, ili nyingine ziendelee kuwaka. Watu wanafurahi kwamba seti haijazimika, wanaiacha. Lakini zikifa nne, zile 16 zilizobaki zinagawana volti zile zile 230, kila moja inabeba zaidi ya 14. Zinang'aa kupita kiasi, zinapata moto kupita kiasi, na kila inayokufa inawaongezea wenzake mzigo. Kwa hiyo mama, ukiona seti ya zamani imeanza kung'aa kuliko mwaka uliopita, usidhani imepona. Hesabu zilizokufa uzibadilishe, seti ikiwa imechomolewa, kwa balbu za volti na wati zile zile.

Kabla ya kuipandisha mtini, ichomoe uipitishe taratibu kati ya vidole, waya wote, mwanzo hadi mwisho. Macho hayaoni ufa mdogo kwenye mpira wa waya, vidole vinauhisi. Angalia hasa pale waya unapoingia kwenye kishikio cha balbu, ndipo unapokatika kwanza. Ukikuta shaba imechungulia, seti hiyo imekwisha. Sishauri kuizungushia tepu na kuirudisha kwenye mti, hasa mti wenye zile nyuzi za kumetameta za metali. Zikigusa shaba iliyo wazi, umeme unasambaa kwenye matawi.

Na kama plagi zenu ni zile zenye fyuzi ndani, seti ya taa haihitaji fyuzi ya ampea 13. Weka ya 3. Waya wa taa ni mwembamba, utaungua kabla fyuzi ya 13 haijashtuka.

Kibwana_Kibwana

Nimeelewa, nafuta ushauri wangu wa kwanza. Za nje je? Mimi huwa nafunga muungano kwa mfuko wa plastiki na tepu, mvua haiingii.

Fundi_Waya

Mvua haiingii, lakini unyevu wa usiku unaingia na hautoki. Asubuhi ukifungua utakuta matone ndani. Muungano wa nje ukae ndani ya kiboksi cha kuzuia maji au chini ya paa, uinuliwe kutoka sakafuni. Waya uushushe kidogo chini ya muungano kisha uupandishe, maji yadondokee pale chini badala ya kufuata waya mpaka kwenye plagi.

Kwenye boksi la taa tafuta maandishi ya IP, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji. IP20 ni ya ndani tu. Za barazani na getini zianzie IP44, hiyo inahimili maji ya kurushwa. Angalia na adapta pia, mara nyingi taa ni za nje lakini adapta yake ni ya ndani.

Geti la chuma nina wasiwasi nalo. Linafunguka na kufungwa, waya unabanwa, siku moja mpira unakatika na geti zima linakuwa na umeme. Kama lazima liwake, tumia za betri au za sola. Za ukuta wa baraza zishikwe kwa vibanio vya plastiki, msipigilie misumari juu ya waya. Na hakikisheni kwenye boksi kuu kuna RCD, ile inayokata umeme ukianza kuvuja. Ya nyumbani kwa kawaida ni ya miliampea 30. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze: isipokata, haifanyi kazi. Ila hata hiyo haitagundua soketi iliyolegea, yenyewe inaangalia umeme unaovuja tu.

Nesi_Zamu

Mama, kwa kuwa watoto ni wa miaka miwili, naomba usome hili mara mbili. Hizo za betri Fundi alizotaja, mishumaa ya betri, rimoti za taa, mapambo yanayoimba, nyingi zina betri bapa za duara kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2, na mwanzoni anaweza asionyeshe chochote zaidi ya kukohoa au kutoa mate. Ukishuku tu, hospitali wakati huo huo. Usimtapishe, usisubiri kuona kama itatoka. Nunua yenye kifuniko cha skrubu, na betri zilizokwisha usiziache mezani hata dakika moja.

Mama_Mapacha

Ahsanteni sana, sikutegemea kupata haya yote. Shemeji yenu amesoma, ameshazima breka ya upande ule mwenyewe na fundi anakuja kesho. Geti tumeliacha. Mishumaa ya betri nimekuta ina kifuniko cha kubonyeza tu, nimeitoa nyumbani.

Swali la mwisho: ile pini nyeusi mtu akiipiga msasa ikang'aa, haitumiki tena? Na taa zikishakuwa sawa, naweza kuziacha ziwake usiku kucha?

Fundi_Waya

Msasa unaondoa weusi, hauondoi uharibifu. Joto lile limeshalegeza skrubu na kukausha mpira wa nyaya ndani ya plagi. Kata, tupa.

Usiku zizimwe mkilala, na mkitoka pia. Kama unasahau, kuna swichi za saa za kuchomeka, ipange ikate yenyewe.

Kesho fundi akimaliza, asiondoke haraka. Washeni taa zote za mti kwa saa nzima mkiwepo, kisha mshike plagi na uso wa soketi kwa kiganja. Kwa mzigo mdogo ule inatakiwa muikute baridi kama ukuta, ingawa ubaridi peke yake hauthibitishi kwamba mshiko ni mzima, maana taa hazina mzigo wa birika. Ikiwa na joto hata kidogo, fundi afungue tena hapo hapo kabla hujamlipa.

Mama_Mapacha

Sawa fundi, kesho jioni naleta mrejesho hapa hapa.