Programu ya kusimamia swichi imemeza anwani zetu kimyakimya, siku tatu zimepotea!

Wakuu, nimekasirika, acheni niseme.

Tumesakinisha programu ya kusimamia swichi zote (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) za kituo cha data. Ni klasta ya nodi tatu, yaani kompyuta tatu zinazofanya kazi kama moja, na kila nodi ina miguu miwili ya mtandao: mmoja mtandao wa usimamizi, mwingine mtandao wa data. Mwongozo nimeufuata neno kwa neno. DNS (ya majina ya mtandao) sawa, NTP (ya kulinganisha saa) sawa, nodi zote zikawaka kijani. Naingiza swichi, haionekani hata moja! Ujumbe unasema "swichi haifikiki, hakiki nywila."

Nywila nimehakiki mpaka vidole vimeuma. Kebo nimebadilisha. Watu wa fayawoli nimegombana nao, na wala hawakuwa na kosa. Usiku wa tatu ndipo nikanasa pakiti (vipande vya data vinavyopita) kwenye geti la mtandao: swichi ikiiita nodi, ombi linaingia kwenye nodi, jibu halitoki. Nodi yenyewe ikiitafuta swichi, haitoi hata pakiti moja nje!

Kumbe ndani ya nodi huduma zote ni kontena, yaani programu zilizotengwa kila moja kwenye boksi lake, na kontena hizo zimejitwalia 172.17.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 172.17, safu ileile ambayo Docker, programu maarufu ya kuendesha kontena, huanza nayo. Usimamizi wa swichi zetu uko kwenye 172.17 tangu zamani, na ni haki yetu: RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, unaruhusu 172.16 hadi 172.31 kwa mitandao binafsi. Kwa hiyo nodi inaamini swichi zangu zinaishi tumboni mwake. Anwani 65,536 zimechukuliwa na hakuna aliyeniuliza.

Sehemu ya kubadilisha safu hiyo ipo, imefichwa kwenye mipangilio ya ziada, tayari imejazwa, haina onyo lolote. Nimewapigia watu wa msaada: klasta ikishaundwa haibadilishwi, futa nodi zote tatu uanze upya. Au nibadilishe anwani za swichi! Swichi zinazobeba kazi za watu!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba programu inajua safu yake ya ndani, na anwani ya swichi nimeiandika kwa mkono wangu. Kulinganisha namba mbili ni kazi ya sekunde. Ingekataa palepale na kutaja sababu, badala ya kunituma kwenye nywila.

Aliyewahi kubadilisha safu hiyo bila kufuta klasta aniambie leo. Kesho usiku naanza kufuta.