Naomba ushauri: siwezi kuendesha gari, tuhamie Houston au Philadelphia?

MamaWawili
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mume wangu ni muuguzi. Amepata kazi Marekani na ameambiwa achague hospitali moja kati ya mbili: moja iko Katy, nje kidogo ya Houston, nyingine Philadelphia. Mishahara inakaribiana. Katy nyumba ni kubwa na kodi ni nafuu, kwa hiyo moyo wake uko huko.

Mwenye tatizo ni mimi. Macho yangu yana shida tangu utotoni na leseni ya udereva sitaipata. Hapa Tanga sijawahi kuona kwamba nimepungukiwa. Sokoni Ngamiani naenda na kikapu changu, watoto (miaka 6 na 9) nawapeleka shule mwenyewe, nikichoka nachukua bajaji. Naogopa kwenda kukaa ndani kutwa nikimsubiri mtu arudi na gari ndipo nipate nyanya. Mnaoishi huko niambieni ukweli: mtu anaweza kuishi kwa miguu yake?

Pwani_Houston
Dada, nimekaa magharibi ya Houston miaka minane. Nikusimulie wiki yangu ya kwanza. Bango la supamaketi nilikuwa naliona dirishani, nikasema hapa hata gari la nini. Nikatoka. Njia ya waenda kwa miguu ikaenda hatua kama mia mbili, halafu ikaisha tu, mbele ni majani na mtaro. Nikatembea kwenye majani mpaka kwenye taa za barabarani. Barabara ina njia sita, bado za kukunjia. Nikabonyeza kitufe, nikasubiri, alama ya mtu ikawaka. Sijafika hata katikati, alama ya mkono mwekundu ya kuzuia watu imeanza kuwaka na kuzima. Wakati wa kurudi nilisimama pale katikati na mfuko wa mchele begani, magari yakinipita mbele na nyuma, na ilikuwa Agosti, jua la Texas. Dakika 35 kwenda mahali ninapopaona!

Na jambo hili ulishike kwa sababu ya macho yako: karibu nchi nzima dereva anayekunja kulia anaruhusiwa kupita hata taa ikiwa nyekundu, akishasimama. Anatazama magari yanayotoka kushoto kwake. Wewe unayevuka upande wake wa kulia hakuoni.

Reli tunayo, laini nyekundu ilianza 2004, inapita katikati ya mji na kwenye eneo la mahospitali. Katy haifiki. Kinachofika Katy ni barabara kuu ambayo mahali fulani ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni.

Mchora_Ramani
Niongezee sababu, maana ndiyo itakayowasaidia kuchagua mtaa. Marekani hawakuacha kutembea kwa kupenda. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi ilikubali miji itenganishe kwa sheria eneo la nyumba na eneo la biashara, na mwaka 1956 ikaja sheria ya barabara kuu za taifa. Duka la kona likawa kosa kwenye mitaa mingi ya makazi. Houston wao hawana sheria hiyo ya kutenganisha, lakini masharti ya ukubwa wa viwanja, maegesho ya lazima na mikataba ya wenye nyumba yalifika palepale.

Philadelphia ramani yake ilichorwa 1682. Hakukuwa na gari la kupangia, kwa hiyo nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na barabara ni nyembamba. Ndiyo maana nasema uliza umri wa mtaa kabla ya kuuliza jina la mji. Hata Philadelphia ina vitongoji vya nje ambako utakwama vilevile.

Texas_Raha
Msimtishe dada wa watu. Katy ni salama, watoto wana uwanja wa kuchezea, basi la shule la njano linawachukua karibu na nyumbani. Teksi za simu zipo. Mke wangu alikaa mwaka mzima bila leseni na hakufa.

Pwani_Houston
Ndugu yangu, mkeo alijua mwaka ukiisha atapata leseni. Huyu hatapata. Teksi ya kwenda na kurudi kila ukiishiwa vitunguu, hiyo tofauti ya kodi italiwa yote.

Asha_Magharibi
Mimi niko West Philadelphia, karibu na Baltimore Avenue, na sina gari mwaka wa sita huu. Asubuhi nawapeleka watoto shule, ni kona nne. Kwenye kivuko kikubwa kuna mama wa fulana ya kung'aa anasimamisha magari, na watoto wangu anawajua kwa majina. Nikirudi napitia duka la kona, mkate na maziwa. Jumamosi nakwenda Clark Park kuna soko la wakulima, navuta kigari changu cha magurudumu mawili. Hicho kigari ununue siku ya kwanza kabla hata ya sufuria. Msikiti, Masjid Al-Jamia, uko Walnut Street, naenda kwa miguu. Nikitaka mjini napanda tramu, treni ndogo ya barabarani, zamani namba 34, siku hizi wameiandika T2.

Mitaa mingi ni ya njia moja, unatazama upande mmoja ukivuka. Kwa macho yako hilo ni kubwa.

Ubaya nao nikwambie. Nyumba yetu ni ndogo na ngazi zake zimesimama kama za mnarani. Theluji kila mwenye nyumba anatakiwa aondoe mbele ya mlango wake, na wapo wasioondoa. Nunueni viatu vya kukamata barafu. Agosti 2025 SEPTA, shirika la usafiri, lilifuta njia kadhaa za mabasi kwa kukosa fedha. Mwezi uliofuata zikarudi, ila tulihangaika. Na usalama unabadilika mtaa kwa mtaa, usisaini mkataba kwa kuangalia picha za sebule.

Mchora_Ramani
Kuna sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu. Asiyeweza kutumia basi la kawaida ana haki ya gari maalumu la kumfuata, kwa kuagiza siku moja kabla. Lakini haki hiyo inafuata njia za mabasi, kama kilomita 1.2 kila upande. Pasipo na basi, hata hilo gari halilazimiki kuja. Kwa hiyo kila anwani mnayoitaka, angalieni kwanza ratiba ya basi ya Jumapili. Kisha fungueni ramani ya simu, mtazame picha za barabarani kutoka mlangoni mpaka dukani, hatua kwa hatua.

MamaWawili
Nimemsomea yote mume wangu. Ile ya mchele begani alinyamaza muda mrefu. Leo amewaandikia Philadelphia kwamba anakwenda. Dada Asha, hizo kona nne za shule, kuna nyumba ya kupanga?

Asha_Magharibi
Ipo moja, ghorofa ya pili. Kesho nikitoka kuwapeleka watoto nitapita niihesabie ngazi, nikuandikie.