Mkopo wa halmashauri: tununue mashine ya alizeti au bajaji?

Kapuku Msomi: Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Niko Singida. Tupo vijana watano, tumepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, milioni 9. Andiko letu lilikuwa la kukamua alizeti, na tulipewa semina ya ujasiriamali siku tano kabla ya hela kuingia. Sasa nikipiga hesabu naona alizeti ni ya msimu, bajaji inaingiza kila siku. Tubadili? Hata usingizi sipati.

Mama Vitumbua: Pole mwanangu. Mimi nilianza na kilo mbili za mchele na karai la kuazima, semina sijui inafananaje. Leo nasomesha watatu. Vijana mnapenda vya kupewa.

Fundi Chujio: Mama, hajauliza vitumbua. Dogo, alizeti ni ya msimu kwa asiye na stoo. Sisi tunanunua wakulima wakivuna, bei ikiwa chini, tunakamua taratibu miezi inayofuata. Mashudu, yale makapi yanayobaki, yanalipa umeme na vibarua, mafuta yanabaki faida. Mashine usinunue kwa picha za simu, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo kwa kazi hiyo tangu 1973, na barua ya kwenda TBS, wale wa viwango vya ubora, utaanzia hapohapo. Kwani hela iko wapi sasa hivi?

Kapuku Msomi: Ipo akaunti ya kikundi.

Fundi Chujio: Yote?

Kapuku Msomi: Sehemu kubwa.

Binti Hesabu: "Sehemu kubwa" ni shilingi ngapi, mkuu?

Kapuku Msomi: Sawa. Milioni 3 na nusu nimeshalipa kianzio cha bajaji. Mimi ndiye mweka hazina. Kabla hamjanitukana, bajaji ni ya kikundi, ila kadi itasoma jina langu kwa muda. Wenzangu nitawaambia ikishaanza kuleta hesabu. Na wawili kati yao waliingia kutimiza idadi tu.

Mzee Kandambili: Hela ya halmashauri haina riba, lakini si sadaka. Asilimia nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu: inazunguka, usiporejesha kuna kikundi kinakosa. Mnasahau 2023 ilivyosimamishwa? Kikundi cha shemeji yangu kilipewa ya kufuga kuku, wakagawana. Siku ya ukaguzi wakaazima kuku kwa jirani. Jogoo mmoja akakatiza uwanja akarudi kwao, afisa anaangalia.

Mwana wa Kitaa: 😂😂 Jogoo mwaminifu kuliko mwenyekiti.

Ngosha Mtata: Hii chai, stori ya kutunga. Akaunti ya kikundi haitoi hela kwa saini ya mtu mmoja. Wewe umetoaje?

Kapuku Msomi: Walinisainia fomu za benki mapema nikae nazo, kurahisisha.

Ngosha Mtata: Na miezi miwili nyuma uliandika humu uko Mwanza unatafuta kazi ya ulinzi. Singida umehamia lini mpaka ukapewa mkopo wa mkazi?

Mwana wa Kitaa: Mwenye vitafunwa alete, chai imeshamiminwa.

Kapuku Msomi: Ule uzi ulikuwa wa kaka yangu. Tunatumia akaunti moja humu.

Binti Hesabu: Huyo kaka naye yumo kwenye kikundi?

Kapuku Msomi: Ndiye katibu.

Fundi Chujio: Chai au si chai, kesho asubuhi wahi kwa muuzaji kabla kadi haijaandikwa jina. Na hizo fomu zilizobaki zichane.

Mama Vitumbua: Ukitoka huko upitie kwangu ule kwanza.