Kulea vifaranga hadi mwezi mmoja ukiwa umeajiriwa kutwa, Nakuru: kuna faida?

Jioni_Kiamunyi

Hamjambo wanajukwaa. Nimeajiriwa hapa Nakuru mjini. Natoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Nataka kununua vifaranga wa kienyeji walioboreshwa wa siku moja, niwalee hadi mwezi mmoja wakiwa wamechanjwa, kisha niwauzie wafugaji. Bei nilizoulizia: wa siku moja shilingi 110, wa mwezi mmoja 250 hadi 300. Nina shilingi 35,000 na chumba cha nje cha mabati, futi 10 kwa 10, chenye stima. Mchana kuna mtu nyumbani lakini ana mtoto mchanga, hawezi zaidi ya kuchungulia mara moja au mbili. Nianze na wangapi? Joto nitalisimamiaje nikiwa kazini? Na kuna faida kweli, ama ni kuzungusha pesa tu?

Shamba_Njoro

Karibu. Anza na 100, na uwachukue Jumamosi asubuhi. Siku hiyo ina maana kuliko unavyodhani. Ratiba ya chanjo iliyozoeleka kwa vifaranga hawa ni siku ya 7 Newcastle, yaani kideri, pamoja na bronkaitisi, ugonjwa wa njia ya hewa. Siku ya 14 Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoangusha kinga ya kifaranga. Siku ya 21 Gumboro ya pili. Siku ya 28 Newcastle tena. Chanjo ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, hutolewa kwenye kituo cha kutotolea vifaranga siku ya kwanza, na usikubali kuondoka bila kuthibitisha kuwa wamechomwa. Ukihesabu kutoka Jumamosi, hizo nne zote zinaangukia Jumamosi, siku ambayo hukimbilii kazini. Kituo kingine hutoa ratiba yenye siku tofauti kidogo. Fuata ya kwao, lakini panga siku ya kuwachukua kwa hesabu hiyo hiyo.

Chanjo ya kutiwa kwenye maji ya kunywa huharibika kwa uzembe mdogo sana. Waondolee maji kwa muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya chanjo, asubuhi na mapema. Tumia maji ya mvua au ya kisima, kwa sababu klorini ya maji ya mfereji inaua chanjo. Kama huna ila ya mfereji, yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha, kisha koroga gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri dakika chache, ndipo uchanganye chanjo. Weka kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Kutoka agroveti hadi nyumbani ibebe kwenye chombo chenye barafu. Chanjo iliyopanda matatu ikiwa mfukoni ni maji matupu, na hutajua hadi ugonjwa uingie.

Chukua pia likizo ya Jumatatu na Jumanne zinazofuata. Siku nne za kwanza ndizo zinazoamua ni wangapi watafika mwezi. Wakifika, wape maji ya vuguvugu kwanza yenye glukosi, wachovye midomo wachache ili wengine waige, na chakula kifuate saa mbili au tatu baadaye. Usiku wa kwanza pima kwa vidole: shika kifuko cha chakula shingoni mwa vifaranga kumi hivi. Kikiwa laini na kimejaa, wamekula na kunywa. Kikiwa kigumu, wamekula bila kunywa. Kikiwa kitupu, angalia joto kabla ya kulaumu chakula.

Fundi_Lanet

Mimi nijibu la joto, maana ndilo linaloua wengi kwa watu walioajiriwa.

Bruda, yaani uzio wa kulelea vifaranga kwa joto, iwe duara. Kwenye pembe vifaranga hurundikana wakipata baridi, na wa chini hukosa hewa. Nunua hadibodi mbili za futi 8 kwa 4. Pasua kila moja kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Vipande viwili vya kwanza, vikipishana kidogo kwenye maungio, vinatoa duara la karibu mita moja na nusu. Hilo linatosha vifaranga 100 kwa wiki ya kwanza. Baada ya hapo ongeza viwili vilivyobaki, na ukiviacha vipishane sentimita 30 kila kiungo utapata duara la mita 2.7 hivi, ambalo linaingia kwenye chumba chako.

Joto kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga liwe nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lishushe nyuzi 3 kila wiki. Shida ya Nakuru ni kwamba usiku kunakuwa na baridi kali na mchana mabati yanawaka. Balbu uliyoiacha saa moja asubuhi ikiwa sawasawa, saa saba mchana inawachoma, na wewe uko ofisini. Kwa hiyo weka themostati, kifaa kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto. Kihisio chake kining'inie sentimita 5 kutoka chini, kwenye ukingo wa mwanga, si katikati chini ya balbu. Kikiwa katikati kitazima mapema na walio pembeni watagandishwa.

Tumia balbu mbili za wati 250 badala ya moja, ili moja ikiungua usiku isiwe maafa. Zifunge kwenye soketi za kauri, kwani za plastiki huyeyuka. Zining'inize kwa mnyororo, sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda ya mbao yaliyotandikwa chini. Usizining'inize kwa waya wake wa stima: waya ukilegea balbu inaanguka kwenye maranda, na hapo ni moto. Balbu moja ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Themostati inapunguza sana hesabu hiyo kuanzia wiki ya pili.

Stima ikipotea, uwe na jiko la makaa tayari, liwashwe nje hadi moshi uishe ndipo liingie, likae juu ya matofali na kuzungushiwa wavu. Acha upenyo wa hewa juu ya ukuta, na mtu asilale kwenye chumba hicho. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya makaa, haina harufu. Mtu wako wa mchana hahitaji kujua mengi: wakirundikana chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wana joto, wakienea kote wakila wako sawa. Akichungulia saa sita na saa tisa akupigie simu, basi.

Mahesabu_Kondele

Bonge la ushauri, ila hakuna aliyegusa swali la tatu, na ndilo kubwa. Nachukua bei zako, mengine ni makadirio. Badilisha kwa bei za agroveti yako.

Vifaranga 100 kwa 110 ni 11,000. Hadi wiki ya nne watakula kilo 60 hadi 70, basi weka mfuko mmoja wa kilo 70 kwa 4,900. Chanjo 1,000. Stima uniti 130 kwa shilingi 30 ni 3,900. Maranda na vitamini 700. Jumla 21,500. Wakifa 7 na ukauza 93 kwa 270, unapata 25,110. Faida ni 3,610. Ukiwapa saa moja na nusu kila siku kwa siku 30, ni saa 45, yaani karibu shilingi 80 kwa saa.

Sasa angalia palipo hatari. Wakifa 20 badala ya 7, mauzo ni 21,600 na faida yako ni shilingi 100. Wakichelewa kununuliwa wiki moja, 93 watakula karibu kilo 23 zaidi, ambazo ni 1,600. Wiki mbili, karibu 3,400. Umebaki bila kitu, na bado wako chumbani.

Kwa hiyo kundi la kwanza la 100 ni ada ya shule. Faida huja kwenye 300, kwa sababu saa zako hazizidishwi mara tatu. Vifaranga 33,000, chakula 14,700, chanjo 2,000, stima 7,800, maranda na vitamini 1,800: jumla 59,300. Ukiuza 279 kwa 270 ni 75,330, faida 16,030, na saa labda 60. Lakini usikope SACCO uruke moja kwa moja huko, na chumba chako cha futi 10 hakitabeba 300 hadi mwezi. Lea 100 mara mbili, ukipoteza chini ya 7 kwa kila kundi ndipo uongeze idadi na chumba.

Soko litafute kabla ya kununua kifaranga hata mmoja. Pata watu wenye majina na idadi, wakulipe angalau robo mbele. Mfugaji anayelenga jogoo wa Krismasi anahitaji kifaranga wa mwezi mmoja mwezi wa Agosti, maana kienyeji aliyeboreshwa huchukua miezi minne hadi mitano kufika uzito wa kuuza. Hiyo ina maana wewe unawalea Julai, baridi ikiwa kali kabisa huko kwenu. Sisi Kisumu baridi si neno, kwetu kazi ni kupambana na joto la mchana. Na vituo hujaa oda msimu huo. KALRO Naivasha, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo na mifugo, kwa mfano, weka oda wiki kadhaa mapema.

Mtindi_Kakamega

Samahani, nina mawazo tofauti. Mtu asiyekuwepo kwa muda wa saa kumi na moja kutwa asifuge kiumbe kinachokufa kwa saa mbili za baridi. Atengeneze yoghati, kazi ya usiku tupu. Lita 20 za maziwa, zipashe hadi nyuzi 85 kwa dakika 30 zikikorogwa, na sukari kilo 1.2 hadi 1.6 iingie humo. Poza hadi nyuzi 41 hadi 43, weka kimea cha dukani, yaani bakteria wa kugandisha maziwa, kwa kipimo cha pakiti, funika kwenye boksi linalotunza joto. Ukifunika saa tatu na nusu usiku, alfajiri imeshika, inaingia kwenye friji kabla hujaondoka. Ikikataa kushika kabisa, mara nyingi ng'ombe alikuwa kwenye dawa za antibayotiki, na maziwa hayo huua kimea.

Shamba_Njoro

Mtindi, kiufundi uko sahihi, lakini umeruka upande wa sheria. Kuuza yoghati kunahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, cheti cha afya cha mshughulikaji chakula, na ukiipakia kwa jina lako, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kwa mwenye 35,000, karatasi zinatangulia sufuria. Kuku akiwa na themostati na mtu wa kuchungulia, hatari ya mchana inapungua vya kutosha.

Mahesabu_Kondele

Tukiwa kwenye sheria: soma mkataba wako wa ajira. Mingi ina kifungu cha kumtaka mfanyakazi atoe taarifa ya biashara nyingine, na taarifa ya maandishi ni bora kuliko kugunduliwa. Kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 inahusu mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka hadi milioni 25, kwa hiyo kwa sasa haikugusi. Lakini faida bado ni mapato. Unapojaza ritani yako kabla ya Juni 30, usiishie kwenye takwimu za P9, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi yako ya mwaka. Jaza na sehemu ya biashara. Weka daftari na risiti za chakula na chanjo, ndizo zitakazopunguza kodi ya faida hiyo.

Jioni_Kiamunyi

Nawashukuru sana. Nimepata wanunuzi wawili wa 40 na 30, natafuta wa tatu kabla ya kuweka oda. Mawili ya mwisho: maji yatatosha kutoka asubuhi hadi jioni? Na seremala jirani ananipa vumbi la mbao bure, litafaa badala ya maranda?

Shamba_Njoro

Maji: hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula, hivyo wiki ya nne 100 watamaliza lita 6 hivi kwa siku. Vinywesheo viwili vya lita 4 vinatosha. Viinue juu ya tofali kila wiki, ukingo uwe usawa wa mgongo wao. Vikiwa chini wanaingiza maranda na kumwaga maji, na maranda mabichi ndiyo yanayozalisha koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu unaopiga kuanzia wiki ya tatu. Ukiona damu, dawa ya amproliamu kwenye maji siku hiyo hiyo, na toa maranda yote yaliyolowa.

Vumbi la mbao hapana. Wanalila wakidhani ni chakula, linajaa kifuko, na likipepea linawaharibu mapafu. Mwombe maranda makavu ya randa, tabaka la sentimita 5 hadi 8, ila uliza kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa. Zikiwa zimetiwa, achana nayo. Siku tatu za kwanza tandika gunia safi juu. Usitandike gazeti, linateleza, na kifaranga anayeteleza siku za mwanzo miguu hupanuka na hasimami tena.