Nakuja Mji Mkongwe na mama, siku moja na nusu tu, twende wapi?

Mtoto_wa_Ilala
Habari zenu wakuu. Ijumaa nashuka Unguja na boti ya asubuhi mimi na mama, tunarudi Dar Jumamosi jioni. Bi mkubwa hajawahi kuvuka maji. Shida magoti, ngazi nyingi hawezi. Halafu mimi mara ya mwisho papasi, hawa wanaojifanya waongoza wageni, alinidaka bandarini akanizungusha maduka ya vinyago saa tatu nzima kisha akadai elfu hamsini, sitaki tena yale. Tuanzie wapi na tule nini?

Kiponda_kwetu
Karibuni. Papasi mwambie tupo kwa jamaa zetu, basi, usisimame. Mkitoka geti la bandari shikeni kulia, njia ya Mizingani tambarare yote. Mtaanza kuona ile dispensari ya zamani yenye roshani za mbao, kisha Mti Mkubwa aliopanda Sultan Khalifa 1911, hapo mama apumzike kivulini. Mbele jumba la Beit el Ajaib, kajenga Sultan Barghash 1883, ila upande mmoja uliporomoka Desemba 2020 kwa hiyo itazameni kwa nje tu (mie roho inaniuma kila nikipita). Ngome Kongwe ipo ubavuni, na bustani ya Forodhani mbele yake. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa watu wanakwenda kuswali, msijetoka muda huo mkasema mji umekufa.

shangani_boy
Umesahau kisiwa cha Changuu, kobe wakubwa wale asili yao Shelisheli, umri wameandikwa kwenye gamba, wengine wamepita miaka 100

Bi_Mkunazini
Changuu na magoti hayo?? Boti ile unaipandia majini, maji yako hapa, na mguu unaunyanyua juu. Mwache mama wa watu. Mlete huku Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko hilo lilifungwa 1873. Vile vyumba vya chini asishuke, ngazi na dari fupi, lakini nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo na minyororo shingoni, zinatosha kumtoa mtu machozi. Baadae mpeleke Mchangani akachague kanga, na wewe ukae kwenye baraza usimharakishe. Urojo kuleni mitaani jioni, wenye bajia na kachori na chatne ya nazi, Forodhani bei zake za wageni, muulize kabla hujaonja mwaya.

Mtoto_wa_Ilala
Mrejesho wakuu. Papasi wawili nimewapita kavu kavu 😂 Mama kachukua kanga doti nne, na kila jina la kanga lazima alisome kwa sauti acheke na muuzaji. Kwenye zile sanamu alikaa kimya muda mrefu sana. Ila nilichoka Forodhani, wale vijana wanaojirusha baharini, kakaa ukutani anawapigia makofi mmoja mmoja, namwambia mama twende tukale njaa inaniuma, ananijibu subiri, huyu wa bukta nyekundu bado hajaruka.